Banda la Mwalimu: tundu la kuziba na tundu la kuacha

Mwalimu alinipigia simu Jumapili moja jioni, katikati ya Aprili, mvua ikiwa imevuta pumzi kidogo. Hakusubiri shikamoo yangu. "Mwanangu, kuku wangu wanalia," akasema, kisha simu ikakatika. Nikadhani ni maneno tu ya mtu mwenye uchungu na mifugo yake. Kesho yake nilipofika Chamazi, hapa Dar es Salaam, nikakuta wanalia kweli. Majimaji yamelowesha manyoya chini ya macho, wengine jicho moja limefumba, na kila baada ya muda mfupi mmoja anatoa kile kikohozi kikavu ambacho mgeni angedhani ni chafya. Tetea mmoja alikuwa akisugua jicho kwenye bega la bawa lake, anaacha, anarudia.

Mwalimu ni mstaafu wa shule ya msingi, na mtaa mzima unamwita hivyo, hata wasiowahi kukaa darasani kwake. Mimi si daktari wa mifugo. Nafuga Mbagala Kuu, nimeshapoteza kuku kwa karibu kila kosa linalowezekana, na nadhani ndiyo sababu watu huniita wakikwama. Kisa hiki nakieleza kirefu kwa sababu mambo mawili yaliyokuwa pale, matandiko na mianya ya ukuta, wafugaji huyazungumza kila moja kivyake, na kwa Mwalimu yalikuwa kosa moja.

Banda lake ni la mabanzi, mita 3 kwa 2.5, paa la bati. Upande wa magharibi limekaribia sana nyumba ya jirani, kiasi cha mtu kupita kwa ubavu. Sakafu ilikuwa ya udongo ulioshindiliwa. Ndani walikaa chotara 30, majogoo wawili na matetea 28, na kwenye kona moja koo mwenye vifaranga 14 aliyetengewa na ubao. Kwa ukubwa ule, kuku wanne kwa mita ya mraba, banda lilikuwa limejaa lakini halijafurika.

Tatizo lilianza mwishoni mwa Machi. Vifaranga wakaanza kupotea usiku, mmoja mmoja, bila damu wala manyoya. Mtaa mzima ukasema nguchiro. Mwalimu akamwita mjukuu wake, wakachana sandarusi za mahindi na kuzipigilia ndani kuzunguka ukuta wote, kuanzia usawa wa kiuno hadi kwenye bati. Mbele, pale juu ya mlango palipokuwa na nafasi pana ya wavu, wakafunika kwa turubai. Chini walipanga vipande vya tofali na mawe. Vifaranga wakaendelea kupotea hadi wakabaki watano. Wiki moja baadaye kuku wakubwa wakaanza kukohoa, mayai yakashuka kutoka 19 au 20 kwa siku hadi 8, wakafa matetea watatu. Alikwenda duka la dawa za mifugo, akapewa dawa ya unga ya mafua ya kuku, akaichanganya kwenye maji siku tano. Hakuna kilichobadilika.

Nilisimama mlangoni kwanza. Harufu ilikuwepo, ila si ya kutisha, na Mwalimu mwenyewe alisema haisikii. Hilo halikunishangaza, maana pua ikikaa kwa muda na amonia, ile gesi kali ya kinyesi, huizoea. Kisha nikaingia, nikamwomba afunge mlango, nikachuchumaa hadi kichwa changu kikawa usawa wa kichwa cha kuku. Sikukaa dakika moja. Macho yaliniwaka kama mtu aliyekata vitunguu vya sherehe nzima, na koo likakaba. Mfugaji huvuta hewa ya mita moja na nusu kutoka sakafuni na kuku huvuta ya sentimita 20 au 30, jirani kabisa na mahali gesi inapotengenezwa. Wataalamu wa kuku hushauri amonia isizidi sehemu 25 kwa kila sehemu milioni ya hewa. Sikuwa na kipimo, ila macho yangu yalitosha.

Nikachota matandiko kiganjani. Yalikuwa unga wa mbao, ule laini unaodondoka chini ya msumeno, aliokuwa akipewa bure na seremala wa jirani. Ulikuwa mweusi. Nikaukaminya, maji yakatoka kati ya vidole. Nilipofungua kiganja bonge likabaki na alama za vidole vyangu, halikuvunjika. Karibu na chombo cha maji na chini ya fito za kulalia palikuwa na ukoko mgumu juu, kama wa wali ulioungua, na ulipoinuliwa kwa jembe, chini yake tope. Matandiko mazuri ukiyakaminya hujikusanya kidogo, kisha ukiachia hutawanyika. Yakitoa maji umechelewa, na yakiwa vumbi tupu lisiloshikana hata chembe, hayo nayo yatakohoza kuku kwa njia nyingine.

Kabla ya kulaumu hewa ilibidi tuondoe ugonjwa mezani. Afisa mifugo wa kata alikuja mchana uleule. Chanjo ya kideri, ule ugonjwa wa virusi unaofyeka kuku, ilikuwa imetolewa Februari kwa tone la jicho, kwa hiyo miezi mitatu ya kuirudia ilikuwa haijatimia. Hakuona kuhara kijani wala shingo iliyopinda. Hakuona uso uliovimba wala yale makamasi yanayonuka ya mafua. Alishauri jambo ambalo lingefaa kwa vyovyote vile: tukatenga kuku wanne waliozidiwa macho, tukawaweka chini ya mwembe kwenye matenga mawili, turubai juu, upepo pembeni, maji safi bila dawa yoyote. Siku ya tatu watatu kati yao walikuwa wamefungua macho na wanagombania mahindi. Kuku waliobaki bandani, wanaokula chakula kilekile na kunywa maji yaleyale, hawakuwa wamepata nafuu hata kidogo. Ugonjwa wa virusi hauponi kwa kuhamia chini ya mwembe.

Hapo nikamwomba Mwalimu karatasi na kalamu. Kuku mkubwa hutoa kinyesi cha gramu 100 hadi 150 kwa siku, na karibu robo tatu yake ni maji. Tukachukua 120. Kwa kuku 30 ni kilo 3.6, ambazo maji yake ni kama lita 2.7. Siku za kawaida kuku wake hushinda uani na nusu ya mzigo huo huishia mchangani, lakini masika ile walikuwa wanafungiwa ndani. Kwa wiki inakaribia lita 19. Mwalimu akaitazama hesabu, akaihakiki kwa kalamu yake mwenyewe (tabia haifi), kisha akasema, "Yaani kila wiki mtu anakuja na ndoo ya lita 20 anaimwaga humu ndani." Ndivyo. Na hapo hujahesabu maji yanayodondoka kwenye chombo, wala mvuke wa pumzi za kuku 30 wanaohema kwa joto.

Nusu ya ndoo hiyo ilikuwepo hata Februari, lakini kuku hawakulia. Maji yale yalikuwa yakiondoka kupitia juu. Hewa ya bandani hupata joto la kuku na la bati, hubeba unyevu, hupanda. Amonia yenyewe ni nyepesi kuliko hewa, hupanda nayo. Ikikuta upenyo chini ya paa inatoka, na hewa mpya inaingia kushika nafasi. Sandarusi na turubai vilipofunga juu, ndoo ikawa inamwagwa na hakuna wa kuikausha. Hapohapo mvua za masika zikaleta maji mengine kutoka chini, kwa sababu uwanja wa nje ulikuwa umepanda kuliko sakafu ya banda na mabanzi ya chini yalikuwa yameoza. Matandiko yakanyonya kutoka pande zote mbili. Kinyesi cha kuku kina asidi ya yuriki, na bakteria wanaoigeuza kuwa amonia wanataka unyevu na joto. Dar es Salaam joto halijawahi kuwa shida kulipata. Amonia huchoma macho na kuua vile vinyweleo vya ndani ya koo vinavyosukuma uchafu nje, ndipo kikohozi. Vimelea vya kuhara damu navyo hukomaa ndani ya siku mbili hivi kwenye unyevu wa namna ile, na nilikuwa nashangaa hawajafika bado.

Lawama yangu ya kwanza, kwa hiyo, niliielekeza juu ya ukuta. Mwalimu hakupenda. "Nikifungua juu, nguchiro atamaliza waliobaki," akasema. Hoja yake ilikuwa na haki ya kujibiwa.

Nguchiro tunaowaona huku uswahilini, wale wanaotembea kwa makundi, ni wanyama wa mchana. Vifaranga wa Mwalimu walipotea usiku, mlango umefungwa. Nikamwomba mjukuu achekeche majivu ya mkaa, ayatandaze kwa ukanda wa upana wa shubiri kuzunguka ukuta wote, nje na ndani, wakati wa magharibi. Mvua ikatuonea huruma usiku ule. Asubuhi upande wa magharibi, kwenye ule upenyo wa nyumba ya jirani, majivu yalikuwa na vidole vidogo vingi na kati yake mstari mmoja mrefu uliopinda, kama mtu aliyeburuza kamba. Nguchiro haburuzi mkia namna ile. Tulipoondoa mawe yaliyopangwa pale tukakuta tundu la kuingia ngumi yangu, limechimbwa chini ya ubanzi uliooza na kutokea ndani, nyuma ya gunia la pumba za mahindi. Usiku uliofuata mjukuu alikesha na tochi ya simu. Saa tisa akamwona: mkubwa kama paka mchanga, mkia mrefu ambao nusu ya mwisho ni nyeupe. Panya buku, ndugu wa wale wanaofundishwa pale Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Mnyama mwenye pua ya kiwango hicho hawezi kushindwa kunusa gunia la pumba na vifaranga kwenye kona moja.

Sandarusi zote zile ziliziba mahali ambapo adui hakupita, na adui alipita mahali palipowekewa mawe matatu. Nina shaka ni kosa la Mwalimu peke yake. Mtu akisimama bandani, mianya anayoiona ni ya usawa wa macho. Ya chini imefichwa na matandiko na vivuli, na ya nje imefichwa na majani.

Siku ya nne, saa sita mchana jua likiwa limetoka, tuliingia wote wawili, tukafunga mlango na kung'oa kila kitu kilichopigiliwa. Ndani giza, nje mwanga mkali, na kila ufa ukajitangaza wenyewe. Mwalimu akatoa chaki mfukoni. Sikumwambia. Akaanza kuzungukia ukuta: ufa wa chini ya magoti anauwekea alama ya kosa, wa juu ya kichwa changu anauwekea vema. Ya katikati tulijadiliana mmoja mmoja. Tulihesabu mianya 23, makosa 17 na vema 6. Kigezo changu kwa ya chini kilikuwa kidole gumba: kinapoingia kidole gumba panya atajaribu, na panya wadogo huhitaji chini ya hapo. Kwa ya katikati kigezo kilikuwa upepo. Ufa unaomvumia kuku ubavuni akiwa amelala kwenye fito usiku wa mvua unazibwa, hata kama hapiti mnyama. Ulio juu ya kichwa chake unaachwa, ila unawekewa wavu.

Kulikuwa na aina ya tatu ambayo chaki haikuweza kuihesabu, nyufa nyembamba za ndani ya mabanzi yenyewe na kwenye maungio ya fito. Hazipitishi panya wala upepo. Humo hukaa utitiri mchana, na usiku hutoka kunyonya damu. Nilipitisha kitambaa cheupe chini ya fito moja usiku kikarudi na vidoa vyekundu. Fito tulizitoa zote, tukazichoma juujuu kwa moto wa makuti, na nyufa za ukuta tukazipaka oili chafu ya gari, tukaiacha ikauke siku mbili kuku wakiwa nje.

Sasa chini. Pesa ya Mwalimu ni ya pensheni na haikutosha kumwaga zege sakafu nzima. Fundi alisisitiza zege, na nakubali kwamba zege ni bora. Lakini kama fedha ni ya kitu kimoja tu, mimi huiweka kwenye mguu wa ukuta kuliko sakafu. Tulikata mabanzi yote usawa wa sentimita 25 kutoka ardhini, sehemu iliyooza ikaondoka, tukajenga mistari miwili ya tofali za saruji kuzunguka, mmoja ukiwa ndani ya ardhi na mmoja juu yake. Tofali 46 zilitosha kwa kuacha mlango. Udongo wa Chamazi ni mchanga. Ukichimba mtaro mwembamba wa kwenda chini unabomoka kabla hujaweka kitu, na panya naye anachimba kwa raha. Kwa hiyo badala ya kuzika wavu wima tuliulaza: wavu wa vitundu vya mraba vya nusu inchi, upana wa sentimita 45, umefungwa kwenye tofali na kulazwa kuelekea nje chini ya mchanga kidogo. Panya huanza kuchimba pale ukuta unapogusa ardhi, anakutana na wavu, na hana akili ya kurudi nyuma nusu mita ndipo aanze. Ndani tukajaza kifusi na kukishindilia hadi sakafu ikazidi uwanja wa nje kwa sentimita 15.

Chini ya mlango palikuwa na nafasi ya vidole vitatu. Fundi alitaka kupigilia kipande cha tairi, kinavyofanywa kwenye mageti mengi. Nilikataa, kwa sababu mpira panya anautafuna kwa usiku mmoja. Tukaweka kizingiti cha mbao kilichovikwa bati pande zote. Gunia la pumba likahamia jikoni, kwenye pipa lenye mfuniko, na hiyo huenda ndiyo kazi iliyosaidia kuliko zote na haikugharimu kitu.

Juu tulibishana zaidi. Wavu uliokuwepo ulikuwa ule wa kawaida wa kuku, wa vitundu vya pembe sita. Unamzuia kuku asitoke, lakini mnyama mwenye nia huuvuta ukaachia, na panya mdogo hupita. Tuliubadilisha kwa wavu uleule wa nusu inchi, upana wa sentimita 30 mbele yote na sentimita 15 nyuma, ili hewa iingie upande mmoja na kutoka upande mwingine. Mjukuu aliupigilia kwa misumari iliyopitishwa kwenye vizibo vya soda vilivyopondwa, kizibo kimoja kwa kila msumari, ili kichwa cha msumari kisipenye kwenye kitundu. Kwa ajili ya mvua ya upepo tukaongeza bati la kuning'inia sentimita 40 upande wa kusini mashariki, inakotoka kusi. Turubai nalo likabaki, ila limefungwa kwenye mti kama pazia la kukunja. Linashushwa mvua ikipiga na haliruhusiwi kufika juu kabisa. Mwalimu ameandika kwa chaki kwenye nguzo mstari wa mwisho wa turubai, na mjukuu akiuvuka anasikia habari yake.

Nirudi kwenye matandiko, maana hapa ndipo watu huniuliza zaidi. Wengi wetu tukisema maranda tunamaanisha chochote kinachotandikwa, na hapo ndipo Mwalimu alipopotea. Maranda ni yale mavipande membamba yaliyojikunja yanayotoka kwenye randa. Unga wa mbao ni kitu kingine. Unga hunyonya maji haraka na hauyaachii, hushikana kuwa ukoko, ukikauka unakuwa vumbi la kuingia mapafuni, na vifaranga huudhania chakula wakajaza gole. Ni wa bure, lakini ulimgharimu Mwalimu matetea watatu. Mchanga tuliujadili pia kwa sababu umejaa kila mahali. Haunyonyi chochote lakini hukauka upesi, na ni wa baridi miguuni. Shida yake ni viroboto wale wanaong'ang'ania kwenye macho na upanga wa kuku, ambao funza wake hulelewa vizuri kwenye mchanga mkavu, na ukichukua wa ufukweni chumvi yake huvuta unyevu. Nyasi kavu zisipokatwakatwa hulala kama mkeka na kuoza chini. Karatasi huteleza, vifaranga wakapanuka miguu.

Tulibaki na viwili. Maranda ya paini hunyonya vizuri na hubaki mepesi. Pumba za mpunga hazinyonyi sana, lakini hazishikani na hukauka mara tu hewa ikipita. Tukachanganya magunia manne ya maranda na mawili ya pumba, tukapata unene wa kama sentimita 10 sakafu nzima. Ukienda kununua taja mpunga, maana ukisema pumba tu utapewa za mahindi, na hizo ni chakula cha kuku na cha panya buku.

Maranda tuliyafuata Keko, kwenye karakana za fanicha, na usafiri wa kirikuu ulizidi bei ya mzigo. Gunia la kwanza nililofunguliwa nililirudisha. Ndani yake, kati ya vipande vya rangi ya maziwa, kulikuwa na vingine vyenye ukijani. Hizo ni mbao za kupaulia zilizotiwa dawa ya mchwa, na dawa ya kijani iliyozoeleka ina shaba, kromiamu na aseniki. Kuku hudonoa matandiko siku nzima, na sisi tunakula mayai yake. Kijana wa karakana aliniambia hakuna aliyewahi kulalamika. Tulisubiri aranda mbao nyeupe mbele yetu. Ingekuwa vumbi la zile mbao za kubandikwa kwa gundi ningeondoka kabisa. Nilinusa kila gunia pia. Harufu ya uvundo ni ukungu, na ukungu ukiingia kwenye mapafu ya kifaranga hakuna dawa ya maana.

Kosa la wiki ile lilikuwa langu. Siku ya kwanza, kabla ya kuondoa unga wa zamani, nilimwambia Mwalimu anyunyizie chokaa ili kupunguza harufu hadi tutakapoanza kazi. Jioni akanipigia: harufu imezidi. Alikuwa sahihi, na nilipaswa kujua. Chokaa ikikutana na matandiko mabichi yenye kinyesi huifukuza amonia iliyojificha kwenye maji, ikatoka yote kwa mkupuo kama gesi. Majivu hufanya hivyohivyo kwa kiasi kidogo. Mahali pa chokaa ni sakafu tupu, baada ya kuzoa kila kitu, iachwe ikauke, ndipo matandiko mapya yaje juu yake. Tuliwatoa kuku wote usiku ule mmoja na kuwalaza barazani, na mume wa jirani hakufurahia majogoo wawili kuwika saa kumi alfajiri chini ya dirisha lake.

Chini ya fito tuliweka mabati mawili makuukuu yaliyoinuliwa kwa tofali. Karibu nusu ya kinyesi cha kuku hutoka usiku akiwa amelala, kwa hiyo nusu ya ile ndoo haifiki tena kwenye maranda. Mjukuu hukwangua kila asubuhi kabla ya shule. Chombo cha maji kimepandishwa hadi usawa wa mgongo wa kuku na kuwekwa juu ya kipande cha wavu. Alasiri Mwalimu hurusha konzi mbili za mahindi yaliyoparazwa juu ya matandiko, kuku wakayafukua yote wakitafuta punje. Hakuna jembe linalogeuza maranda vizuri kama miguu ya matetea 25 yenye tamaa.

Kuku walirudi ndani siku ya kumi na moja. Wiki ya kwanza upepo ulipeperusha pumba hadi mlangoni, tukaongeza ubao wa kuzuia. Kikohozi kiliisha taratibu, kikabaki kwa wawili hadi katikati ya Mei. Mayai yalifika 17 baada ya wiki tano. Tetea mmoja, yule niliyemwona akisugua jicho kwenye bawa siku ya kwanza, alibaki na jicho jeupe na haoni upande huo. Mwalimu hataki kusikia habari ya kumchinja. Vifaranga watano wote wamekua. Majivu tuliyaweka tena usiku tatu tofauti: nje nyayo zilikuja hadi kwenye wavu, zikazunguka banda, zikaondoka.

Kona ya magharibi haijapona. Bati la jirani halina mfereji, na kila mvua kubwa maji yake huangukia mguu wa ukuta wetu, yakapenya kwenye maungio ya tofali. Nilichuchumaa pale tena mwishoni mwa Mei, pua ikanusa kidogo. Mwalimu ameshakwenda kwa mjumbe mara mbili, jirani anasema mfereji ataweka akipata. Kwa sasa kila mvua ikikatika mjukuu huzoa maranda ya kona hiyo tu, anaweka makavu, na yale mabichi yanaingia kwenye zile sandarusi zilizokuwa zimeziba juu. Huachwa yaive wiki sita nyuma ya choo, kisha Jumamosi kijana anayelima mchicha bondeni huja na guta kuyachukua. Hulipa nusu, nusu anadaiwa, na deni lake limeandikwa kwa chaki mlangoni mwa banda.